Jongoo wa Marangu na wa Machame

Dada Aikande,

Bado siamini. Jioni ile ulinipigia simu unacheka, ukasema kichwa kinakuuma kidogo tu. Asubuhi yake Mama akapiga. "Njoo nyumbani," akasema, akakata. Nilifika Himo nikijua unaumwa. Shangazi alinipokea kituoni, kanga kaifunga kiunoni kama wafiwa, nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

Tumekuzika kihambani, kwenye migomba ya ukoo, pembeni ya Babu. Wanafunzi wako wa biolojia walijaa mpaka barabarani.

Sasa nisikilize, Dada. Majibu ya vinasaba vya majongoo wetu yametoka.

Unakumbuka tulivyopanda msituni kwenye matope, wewe ukifukua majani yaliyooza, mimi nimeshika chupa za spiriti? Ulimwinua jongoo wa Marangu, mweusi, miguu myekundu, ukasema, "Huyu na wa Machame ni mapacha. Kama siyo, nikate kidole." Makala yetu yote tuliijenga hapo.

Siyo, Dada. Nilikuwa mbele ya kompyuta maabarani, huku Dar, mti wao wa ukoo ukatokea, nikadhani nimechanganya chupa. Nikarudia kazi yote tangu mwanzo. Ukatoka vilevile. Ndugu wa karibu wa huyu wa Marangu ni yule mdogo wa kahawia tuliyemwokota milima ya Upare, uliyekuwa ukimwita "maskini huyu". Wa Machame yuko tawi la mbali kabisa. Wamefanana sura tu! Nikanyanyua simu nikwambie. Nimeshabonyeza nusu ya namba zako ndipo nikakumbuka.

Nilipopanda nyumbani kumweleza, Mama alitaka niache ilivyo. "Marehemu hasahihishwi, mwanangu. Andika alivyosema yeye." Nikamwambia kwamba kila ulipokosea ubaoni, ulifuta mbele ya darasa zima na kusema, "Hapo nimewadanganya, tuanze upya." Akamaliza kumenya ndizi, halafu akasema, "Basi andika. Ila jina lake litangulie."

Litatangulia. Nitaeleza tulichodhani, na kwamba hakikuwa kweli. Mvua zikipungua nitapanda Machame kumtafutia yule jongoo ndugu zake halisi. Ninaogopa kwenda bila wewe, lakini nitakwenda, nakuahidi.

Pumzika, Dada yangu. Kwa heri.

Mdogo wako,
Ndeshi