Namba Nane ya Amu

Jumatano, 24 Januari 1968

Nimetia jina! Wallahi nimetia. Wanyama kaleta fomu leo kutoka Mokowe, nikaitia sahihi papo hapo dukani, saa ya Bi Barka iko mezani matumbo nje. Dereva: Wanyama, fundi wa malori ya serikali. Msoma ramani: mimi, Kamaludin, fundi saa. Gari: Volkswagen yake kuukuu, aliyoiunga mwenyewe kwa vyuma vya magari matatu. Mashindano ni Malindi mpaka Mokowe, tarehe 24 mwezi ujao.

Famau wa duka la pili kasikia. Kacheka mpaka kofia ikamwanguka. Ati mtu wa Amu, kisiwa kisicho na barabara, anakwenda kushindana kwa motokaa! Nikamwambia, nawe huna unywele mmoja na wauza vitana. Kaokota kofia, karudi dukani kwake.

Na si mashindano ya matajiri haya. Yale makubwa ya redioni, ya magari mapya kutoka ng'ambo, ni ya wenyewe. Haya ni ya watu wa kazi — gari lolote lenye taa, breki na tairi la akiba. Ada yake haifiki bei ya mbuzi. Na barabara sasa iko wazi. Mwaka jana tu hupiti bila askari mbele na nyuma, kwa hofu ya mashifta.

Ijumaa, 26 Januari

Baada ya sala Ami Bwanamkuu kaniita pembeni. Ndiye mkubwa wa msikiti wetu wa mtaa, na alikuwa sahibu wa marehemu baba. Kwamba amesikia. Kwamba mshika saa wa msikiti ni mtu wa kutulia, si wa kukimbizana na vumbi la bara. "Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu. Ndia hiyo si yetu." Kisha neno lenyewe: nikienda, ufunguo wa saa niurejeshe.

Ufunguo wa saa! Baba aliushika miaka thelathini. Mimi huu wa kumi na moja. Kila siku muadhini akianza Magharibi, nafungua kile kisanduku cha kioo, natia mishale kwenye kumi na mbili kamili. Kisha natoa saa yangu ya mfukoni, naitia vile vile. Hiyo ndiyo saa ya jua, saa ya wazee wetu. Serikali wana yao, ya redio.

Nikambusu mkono. Nikamwambia: Ami, ufunguo sirejeshi, na mashindanoni nakwenda. Akanitazama kama niliyemtukana. Pengine nimemtukana. Lakini kwa nini nichague? Nani kasema mtu kaumbwa na mkono mmoja?

Jumapili, 4 Februari

Nimevuka maji mpaka Mokowe. Wanyama katoka kanisani, tukafanya mazoezi mpaka alasiri. Nimetapika mara moja. Haidhuru.

Leo mchezo nimeuelewa, na umenikaa moyoni. Si mbio! Kila kituo kina dakika yako iliyoandikwa kwenye kadi. Ukichelewa dakika moja, pointi moja ya adhabu. Ukiwahi dakika moja, vile vile. Mwenye akili akifika mapema husimama hatua chache kabla ya kituo, akangoja dakika yake itimie, ndipo aingie. Mchezo wa saa, jamani! Mimi nimetungiwa huu!

Wanyama asema madereva ni wengi, wenye kujua dakika ndio hakuna. Nimefurahi kama mtoto aliyesifiwa kwenye chuo cha Kurani.

Jumanne, 13 Februari

Watatu leo wameleta saa nzima, hazina ugonjwa, ila wapate kunicheka. Gari letu limepewa namba nane; Famau kauliza punda wake atampa namba gani. Nikamjibu ampe yake mwenyewe.

Alawiya, mke wangu, naye kayasikia ya Bwanamkuu. Usiku wa jana kanipa mfuko wa ramani kaushona kwa kitambaa cha buibui lake la zamani. Nikamuuliza, huoni haya watu wanavyosema? Kajibu: haya ni kuanza jambo ukalikimbia. Mwanamke huyu!

Alhamisi, 22 Februari

Twaondoka. Ufunguo ninao mfukoni. Wakiutaka na waje Malindi! Saa ya msikiti nimeijaza ya wiki nzima. Siku tatu bila kuguswa haitapotea hata dakika — nani aijuaye kuliko mimi?

Bwanamkuu alikuwa gatini. Kaitika salamu yangu kwa midomo tu. Imeniuma, sitasema uongo. Huyu ndiye aliyenishika mkono siku tuliyomzika baba.

Saa yangu ya mfukoni nimeitia kwa redio. Mpaka tumalize, ni ya serikali.

Jumamosi, 24 Februari

Mokowe. Naandika ndani ya gari, tochi begani, vumbi mpaka kwenye meno. Tumeegesha hatua mia mbili kabla ya kituo cha mwisho. Naziona taa za karabai na watu — nusu ya Amu imevuka kuja kutazama!

Toka Malindi hatuna pointi hata moja. Hata moja! Kumi na moja tulioondoka, na hakuna mwingine aliye safi hivi. Kivukoni Garsen kamba ya kuvutia chombo ilitia inda, lakini muda wa kivuko hauhesabiwi. Witu tuliingia kituoni saa kumi na mbili na nusu na dakika moja, dakika yetu hasa. Karani kagonga muhuri, kasema Amu mwaweza. Nikasema twaweza.

Palikuwa na nafasi ya kupumzika. Adhana ikalia, nikasali msikitini pale barabarani, Wanyama akatia petroli. Kisha giza, mchanga na nyati wawili. Dakika yetu ya Mokowe ni mbili na thelathini na tano. Na tumefika moja na arubaini na tisa! Mapema kuliko hesabu yangu yote. Wanyama mwenyewe kashangaa, kasema gari limeupenda mchanga.

Basi twangoja. Wale kule wanapiga kelele tuingie: "Namba nane, ndooni! Ndooni!" Hawajui mchezo, maskini. Wanadhani ni ngalawa za sikukuu, wa mbele ndiye mshindi. Sauti ya Famau naijua — ati gari limekufa, lisukumwe. Cheka, bwana wee. Sasa mbili kamili; bado dakika thelathini na tano.

Mbili na dakika moja. Namba tisa katupita, kaingia. Huyo alikuwa nyuma yetu dakika nne! Atapigwa pointi za kuwahi mpaka alie.

Mbili na dakika tano. Namba kumi naye. Wazimu umewaingia wote? Wanyama kaniuliza, una hakika, Bwana Kamal? Nimekasirika. Nimemwambia mimi ni mshika saa mwana wa mshika saa.

Mbili na tisa. Namba kumi na moja, wa mwisho. Wameachana dakika nne nne, kama walivyoondoka.

Wanyama kageuka kitini. Ananitazama mkono. Sasa kauliza, pole pole: Witu, adhana ilipolia, uliishika saa?

Jumatatu, 26 Februari

Niliishika.

Mkono uliishika. Sikumbuki kuitoa mfukoni. Allahu Akbar ya kwanza, na kidole gumba kikazungusha mishale mpaka kumi na mbili, kama kila siku ya miaka kumi na moja. Kwa saa ya redio ilikuwa kumi na mbili na thelathini na nane; dakika hizo zote thelathini na nane zimekwenda. Tuliingia kituoni tumechelewa dakika kumi na nne, watu wakipiga vigelegele vya mzaha. Kutoka wa kwanza mpaka wa saba.

Wanyama kalaza kichwa kwenye usukani. Nikangoja matusi, na nilistahiki. Kainuka, machozi na kicheko pamoja: "Ungekuwa mlevi ningekupiga. Sasa mtu aliyeponzwa na sala nitamfanya nini?" Nimeona aibu kuliko kama angenipiga.

Amu nzima imejua. Nilijiandaa kwa kicheko. Yaliyokuja ni mabaya zaidi: wananisifu! Wazee wananishika mkono njiani, mashallah, mashallah.

Na alasiri hii Ami Bwanamkuu kaja mwenyewe nyumbani, uso umekunjuka. Kanywa kahawa ya Alawiya vikombe viwili. Kasema moyo wangu haukutoka msikitini hata huko nyikani, Mungu kanishika mkono kunionya. Ufunguo nikae nao. Ila leo baada ya Magharibi nisimame mbele ya jamaa, niseme nimeonyeka, motokaa basi. Maneno mawili tu. Baba yangu angefurahi, kasema.

Hapo ndipo nilipochomeka. Baba amwingize kwa nini?

Nikamwambia: Ami, ulikuwa ni mkono. Moyo ulikuwa garini, unahesabu dakika, na ulikuwa na furaha sijapata kuiona. Siwezi kusimama msikitini nikasema uongo. Kaweka kikombe chini. Kasema, basi utasema utakalosema, nasi tutasikia. Katoka bila kwaheri. Nampenda mzee yule, lakini maneno sikuyarudisha.

Wanyama kaniletea fomu nyingine asubuhi. Agosti, Malindi mpaka Mombasa. Kasema anamtaka msoma ramani yule yule, ila Magharibi atamfunga mikono kwa kamba.

Nimeijaza sasa hivi, kwa wino. Jina: Kamaludin. Nafasi garini: msoma ramani. Kazi: mshika saa wa msikiti.

Alawiya yuko dirishani. Asema baraza ya msikiti imejaa, hata Famau yuko, na Bwanamkuu amesimama mlangoni anatazama huku. Kanzu yangu kaipiga pasi. Kaniuliza, fomu waiacha au waenda nayo?

Naikunja. Naenda nayo.