Mama Kanipita, Kaenda Ipuli

Ipuli, Tabora
14 Januari 2024

Dada Apolinaria,

Shikamoo. Hujambo, na magoti yako je? Mvua huko Tura zinasemaje? Sisi hatujambo, ila cherehani yangu imekata mkanda na wateja wa sare wananifokea. Nimekupigia simu hupokei, ndiyo maana nampa barua hii Kornel, jirani yako wa asali, anarudi huko kesho kwa treni.

Dada, nimemwota mama. Wala si mara moja. Anakuja alfajiri, kajifunga kitenge chake cha kuchimbia dawa, tunaingia porini. Ananionyesha mti ukiukata gome unatoa damu. Mwingine una maganda marefu yananing'inia kama fimbo. Halafu kuna kamti kenye majani yanayong'aa kama fedha, anachimba mzizi wa upande jua linakochomoza. Nikiamka nakumbuka kila kitu ila majina ya miti. Wewe unayajua, hebu niambie.

Mjomba Lugembe anasema mkoba wa dawa wa marehemu hurithiwa na yule anayetokewa naye ndotoni. Mimi sijasema kitu, ni yeye kasema.

Mdogo wako,
Levina


Tura
6 Februari 2024

Levina,

Marahaba. Mimi mzima, magoti yapo palepale, na mvua imezidi, karanga zinaoza ardhini.

Eti mama anakuja kwako! Kwako wewe, Ipuli, nyumba ambayo hakuwahi kulala hata siku moja! Kaburi lake liko hapa nyuma ya jiko langu. Ni mimi niliyemwogesha, nikamlisha uji kwa kijiko mpaka akashindwa kumeza. Miguu ilipokataa nikambeba mgongoni kwenda porini, akawa ananielekeza mti kwa kidole. Tangu tumzike Agosti sijamwota. Nimehamia kitanda chake, nalalia kanga yake bila kuifua, wapi! Naota mbuzi. Na wewe, uliyekuwa ukiziba pua ukipita kwenye vyungu vyake, ndiwe wa kutembezwa porini? Ninao wivu, Levina, unanichoma, wala sikufichi.

Majina ya miti muulize huyo anayekuonyesha. Mkoba uko kwenye msumari wake na hapo utakaa.

Dada yako,
Apolinaria


Ipuli
9 Machi 2024

Dada,

Shikamoo, hata kama umenuna. Pole na karanga.

Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilipelekwa kwa shangazi nikiwa bado na meno ya utoto. Nikija likizo nawakuta wewe na mama mnaongea Kinyamwezi chenu cha haraka, mnacheka, nami nacheka nyuma yenu bila kuelewa. Miaka yote hiyo alikuwa wako. Sasa ananijia mimi, na hizo ndoto nazo unazitaka? Sikupi.

Jumatatu kaja Ng'washi, yule wa ng'ambo ya reli, kajishika tumbo, eti huko Tura wanasema dawa imehamia kwangu. Nilikuwa na nini cha kumpa mimi, uzi na vifungo? Nikampeleka hospitali, wakamlaza, wanasema ni vidonda vya tumbo. Njia nzima alikuwa akiniita mganga. Niliona aibu, dada, ila moyoni nilifurahi pia.

Mdogo wako,
Levina


Tura
30 Juni 2024

Levina,

Marahaba. Nilikaa kimya kwa sababu kila nikishika kalamu matusi ndiyo yanakuja.

Ng'washi karudi, anakula ugali, na nyumba hadi nyumba anakusifu wewe. Mimi nilipompa dawa mwaka jana aliniambia kwa mdomo wake kwamba ya mama ilikuwa chungu zaidi. Jana Mjomba Lugembe kaja na wazee wa ukoo, wamesema mkoba uifuate ndoto. Sikubishana nao. Nilitamani kuutupa chooni, kisha nikaukumbatia, kisha nikampa Kornel akuletee.

Mti wa damu ni mninga. Wa maganda marefu ni mlundalunda, na mama alikataza asipewe mja mzito. Huo wa majani ya fedha unaitwa mzima, ndiyo, jina lake hilo, usicheke. Usichimbe mizizi yote ya mti mmoja, na shimo ulifukie. Mwenye ugonjwa usioujua mpeleke hospitali kama ulivyofanya kwa Ng'washi.

Jambo moja tu, na usinidanganye. Mama akikujia, huwa ananitaja? Hata kuuliza tu, yule yuko wapi?

Dada yako,
Apolinaria


Ipuli
7 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Mkoba ulifika, na Kornel anakurudishia pamoja na barua hii. Sijaufungua.

Umesema nisikudanganye. Mama hajawahi kuniita Levina. Tangu ile ndoto ya kwanza ananiita Poli. "Poli, shika hapa. Poli, jembe umeliweka wapi?" Na Poli ni nani mwingine kama si wewe, uliyekuwa ukiitwa hivyo na yeye peke yake? Anaongea kile Kinyamwezi chenu, sielewi hata nusu. Ananiita, naitika "abee", namfuata. Sikukwambia kwa sababu ya wivu wangu. Niliogopa nikisema, mama, mimi ni Levina, atageuka aende kukutafuta.

Mdogo wako,
Levina


Tura
15 Julai 2024

Levina mdogo wangu,

Marahaba. Nimelia mpaka Ng'washi kaja kuuliza nani kafa. Nilipomaliza nikakasirika upya, mwizi mkubwa we, umekaa na jina langu tangu Januari!

Mkoba nimeupokea, na wazee nimewajibu kwamba aliyeitwa ndotoni ni Poli. Sijamwota bado. Jana nimeota reli tu. Ukifunga kazi za sare, panda treni uje, nikufundishe Kinyamwezi, ili anayoyasema uweze kunifikishia.

Na akija kabla hujafika, akiita Poli, itika. Tafadhali mdogo wangu, usimwambie kuwa si mimi.

Dada yako,
Apolinaria