Karanga za Mma Sanatu

Kaka yangu mpendwa Napari,

Kabla hata sijakujulia hali, nadai wazi: akina mama wa kijiji chetu si wachafu, na uliyoyatangaza redioni ukiwa afisa wa afya si kweli. Dai hilo nitalitetea. Sasa nikuulize, wewe na shemeji hamjambo? Mama yetu hajambo, ila magoti yanamsumbua.

Kati ya watoto saba waliolazwa wakitapika, macho yao yakiwa ya manjano, sita wamerudi nyumbani. Tiyumba, mjukuu wa Mma Sanatu, bado yumo wodini na tumbo lake limejaa maji. Tangu useme, ukimtaja kwa jina, kwamba chanzo ni vyungu visivyooshwa, bibi huyu hana raha, kwa kuwa uji wa mafunzo yangu ya lishe ulipikwa katika chungu chake. Kisimani wanamuuliza, "Mma, leo umekisugua, au tuisubiri mvua ikioshe?" Nilikikagua mwenyewe. Kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu hadi kinang'aa.

Kosa lilikuwa ndani ya unga. Desturi yetu unaijua, umekua nayo: karanga nono humwendea mnunuzi wa mjini Yendi, zilizosinyaa na kuota ukungu hubaki jikoni. Mimi niliwafundisha akina mama kuzikaanga, kuzisaga pamoja na mahindi na soya, na kuwalisha watoto kila asubuhi. Zikishasagwa, nani atauona ukungu?

Mma Sanatu aliuona mapema. Siku ya somo alitafuna punje moja, akaitema, akaniambia kwamba ina uchungu na kwamba yeye hampi mjukuu wake kitu ambacho mdomo wake mwenyewe umekikataa. Wenzake wakamcheka: "Huyu anaziogopa karanga kuliko alivyomwogopa marehemu mumewe!" Nami nikacheka nao. Nikamjibu kwamba moto huua kila kitu, na kwamba elimu haipimwi kwa ulimi. Akamimina karanga zake kinuni.

Kaka, sikufichi. Nilijua. Moto huua ukungu, lakini sumu yake hubaki. Nililiandika hilo katika mtihani wangu wa mwisho nikasifiwa. Nililikumbuka palepale, maneno yangu yakiwa bado hayajapoa. Sikuyarudisha, kwa sababu sikutaka kusahihishwa na mwanamke asiyejua kusoma mbele ya wanafunzi wangu. Wiki sita watoto wakanywa uji ule, nami nikiwapima uzito na kuwapongeza mama zao.

Jumatano, siku ya mizani, nitayasema haya mbele ya wote, Mma Sanatu akiwa ameketi mbele. Wakinifukuza, nitaondoka.

Nisalimie shemeji na watoto. Nawe usiniandikie barua ya kunituliza, sitaifungua. Nijibu redioni, saa ileile uliyowaaibisha akina mama, ulitaje jina la Mma Sanatu kama ulivyolitaja siku ile: je, chungu chake kilikuwa kichafu?

Mdogo wako,
Wumbei