Mama Hataki Kuhama Kawe kwa Sababu ya Masufuria ya Msiba

Anti Vaileth, shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, leo nakuomba unisikilize mpaka mwisho hata kama utanichukia katikati, maana nimefanya jambo ambalo siwezi kumweleza mtu yeyote hapa mtaani, na hao watu wenyewe wa kuelezwa wamebaki wachache.

Naitwa Salsabil, nina miaka arobaini na moja, naishi Kawe na mama yangu Bi Mahfudha kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba, mzee Nasser, mbele duka na nyuma sie. Tumebaki wawili tangu baba afariki miaka sita iliyopita na mie niachike mwaka uliofuata, na kaka yangu Hudhaifa yuko Maskati kwa ndugu zetu wa upande wa babu, na kila akipiga simu wimbo wake ni ule ule, uzeni mje huku. Na kweli Anti mtaa haukaliki tena, kushoto ghorofa, kulia ghorofa, jua tunaliona saa sita tu, pale alipokuwa amepanga mama Blessing pamefunguliwa baa na mwenyewe mama Blessing kahamia Boko, mzee Projestus naye aliuza akaenda Mbezi Luis, na sasa kuna watu wa kujenga ghorofa wanakitaka kiwanja chetu na jibu wanalitaka kabla mwezi haujaisha. Nikamwambia kaka, mama anateseka, fanya haraka. Mama mwenyewe hajawahi kusema kwamba anateseka.

Sababu yake ya kukataa kuhama utacheka. Nyuma ya duka kuna stoo yenye masufuria makubwa kumi na moja, majamvi, miiko ya mbao na turubai, ndivyo vyombo vya misiba na shughuli za mtaa, vilinunuliwa kwa michango mie nikiwa mdogo. Siku ya kuamua vikae wapi mzee Projestus, ambaye ni Mkatoliki wa Bukoba, alisimama mwenyewe akasema, "Jamani, kwangu kitimoto kinaliwa, sijifichi. Masufuria yakikaa kwangu, iko siku mtu atasahau apikie nguruwe humo. Yakae kwa Nasser, na Nasser ndiye atuchinjie, ili siku ya msiba tule sote." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na tangu siku hiyo baba alichinja mpaka kuku wa Krismasi wa majirani, na baba alipofariki mama akaendelea kutunza funguo na kumwita mchinjaji. Nikimwambia mama tuhame ananiuliza, "Na haya yatakaa wapi?" Nikimwambia wenyewe wameshahama, ananijibu, "Wamehama wao, masufuria hawakuyahamisha." Na ni kweli, wanatoka Boko, wanatoka Mbezi, wakifiwa wanakuja kuyachukua Kawe.

Sasa wiki tatu zilizopita alifariki Mama Demetria, mke wa mzee Projestus. Anti, huyu mama wakati wa eda ya mama yangu alikuja nyumbani kila siku kwa miezi minne na siku kumi, anakwenda sokoni kwa niaba yake, anamsomea meseji za simu, anamchekesha. Asubuhi ya msiba akaja kijana wao Fredrick, tuliyekua naye, na kirikuu ya kubebea masufuria. Mama yuko ndani anaswali dhuha. Mie nimetoka kuongea na kaka dakika hiyo hiyo, nikawaza, haya ya masufuria yakikatika leo, watu wakazoea kujitegemea, mama atakosa sababu, basi nikamwambia Fredrick pale getini masufuria yameenda kwenye msiba Bunju na hayajarudi. Yule aliyefiwa na mama yake akanijibu, "Haya dada Sabi, samahani kwa usumbufu."

Tukaenda Mbezi Luis. Mama, aliyedhani nimeyatoa alipokuwa akiswali, akaangalia huku na huku, akauliza, "Fredrick, mbona masufuria siyaoni?" Fredrick akasema, "Mama, si dada Sabi kasema yapo Bunju?" Mama akanitazama. Mama yangu Anti ana miaka sabini na tatu, hadanganyi hata mteja kuhusu mchele wa zamani, akasema, "Ndiyo mwanangu, yapo Bunju, nimesahau mie. Uzee." Nilitamani ardhi inimeze. Mchana chakula kikaletwa kwenye maboksi, wali na kuku, Bi Munira na Bi Chausiku, majirani zetu Waislamu, wakauliza kwa sauti ya chini nani amechinja, hakuna aliyejua, wakafunika maboksi yao taratibu wakanywa maji, na mama naye akafunika la kwake, msibani kwa shoga yake.

Tuliporudi hakunigombeza. Alivaa kanga kuukuu akaingia stoo akayatoa masufuria yote kumi na moja akayasugua kwa jivu na stilwaya, nikataka kumsaidia akasema niache. Tangu siku hiyo ananiitikia salamu na kunipakulia chakula, basi. Kaka anasubiri jibu. Anti, mie nampenda mama yangu, na nikisema kweli namuonea fahari kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini nimechoka na Kawe. Nifanyeje? Nimlazimishe tuondoke kwa faida yake, au nibaki nizeeke nikilinda masufuria?

Salsabil, Kawe.

*

Salsabil, marahaba. Nimekusikiliza mpaka mwisho na sijakuchukia, ila ungekuwa karibu ningekufinya.

Mficha uchi hazai, na wewe umejifunua, kwa hiyo tuanzie hapo hapo. Umeandika kwamba ulimwambia kaka yako "mama anateseka", halafu mstari unaofuata ukaandika kwamba mama hajawahi kusema anateseka. Basi anayeteseka nani? Ni wewe, mwanangu. Baa inakukera wewe, ghorofa zinakubana wewe, na umetoka kwenye ndoa ukarudi kulala chumba ulichokulia. Kutaka kuondoka si dhambi hata kidogo. Kosa lako ni kumvalisha mama yako shida yako, kisha ukataka kumuuzia nyumba kwa jina la huruma.

Na usiwaseme vibaya waliohama. Mzee Projestus alitafuta jua na hewa. Mama Blessing alikuwa mpangaji, kuhama kwake ni kwa kuamuliwa na mwenye nyumba. Kila mtu ana lake la kumtoa. Lakini tazama walichokiacha na kwa nani wamekiacha. Kuna watu wanahama na mlango wa nyumba, na choo wangekibeba kama kingebebeka, hawa wa kwenu wameacha vyombo vya kuzikia wazazi wao kwa Bi Mahfudha. Mtaa wenu haujafa, Salsabil, umetawanyika tu, na stoo ya mama yako ndipo unapokutana.

Mie nimezaliwa Temeke. Vyombo vya mtaa wetu vilikuwa kwa mama mmoja hivi, akachukuliwa na watoto wake kwenda kuishi nao, vyombo vikagawanywa, kila mtu sufuria lake. Mwaka juzi tulimzika baba yangu. Chakula kilikuja kwenye maboksi, kizuri, cha moto, na watu walichukua maboksi yao wakaondoka nayo. Hakuna aliyebaki kuosha, kwa sababu hakukuwa na cha kuosha. Saa tisa mchana viti vilikuwa vitupu na sisi watoto wa marehemu tukatazamana. Niliumia siku ile kuliko kaburini. Wewe unauliza kama utazeeka ukilinda masufuria, mie nakwambia mama yako halindi masufuria, analinda watu wasiondoke mapema.

Halafu mwanamke huyo, ambaye hadanganyi kuhusu mchele, amedanganya mbele ya maiti ya shoga yake ili wewe usiaibike. Unajua uzito wa jambo lile? Ameuacha uaminifu wake pale Mbezi Luis kwa ajili yako. Ndiyo maana kanyamaza. Usingoje akugombeze, nenda ukamrudishie.

Sasa fanya hivi, na ufanye wiki hii, usinijibu kwa barua nyingine. Arobaini ya Mama Demetria haijafika. Leo ukifunga duka kaa chini mbele ya mama yako, umwombe msamaha kwa maneno, usipitishe kwa zawadi wala kwa kumsifia mchuzi. Mwombe funguo za stoo. Kesho nenda Mbezi Luis peke yako, mwambie Fredrick na mzee Projestus kwamba masufuria hayakuwa Bunju, kwamba ulisema uongo wewe, na mama yako aliubeba ili kukusitiri. Watakasirika. Wakikasirika, kaa hapo hapo. Kisha waombe siku ya arobaini chakula kipikwe kwenye masufuria ya mtaa. Kirikuu ikodi wewe, mchinjaji mtafute wewe, na jikoni uwe wewe, moshi ukuingie machoni. Wakati wa kupakua anza na Bi Munira na Bi Chausiku.

Kuhusu nyumba, mpigie kaka yako simu mama akiwa amekaa pembeni, uweke sauti wote msikie, umwambie Hudhaifa kwamba mama hateseki na kwamba ulikosea. Halafu nyamaza. Nyumba ni ya mama, jibu la kiwanja atalitoa yeye, na hao wajenzi wakikosa Kawe watapata kwingine.

Na wewe, kama bado unaitaka Maskati, mwambie mama yako, "Mama, mie nataka kwenda." Kwa jina lako mwenyewe. Nina hakika mwanamke aliyekubali majirani zake wote waondoke, na bado akawafungulia mlango kila wakirudi, hatashindwa kumruhusu mwanawe. Mkiona haja ya mtu wa kumsaidia funguo, mchague pamoja na mzee Projestus, maana vyombo si vyenu, ni vya wote. Ukienda, nenda hivyo. Ukibaki, baki hivyo hivyo, ukijua ni wewe uliyetaka.

Jambo la mwisho. Mie nina miaka hamsini na sita, siku hizi kila ninapopita naamkiwa, nimeshazoea kuitikia. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa mama yako umwambie kuna mtu wa Temeke anaitwa Vaileth, anasema shikamoo.