Mkungu wa Baba Mkwe

Jumapili

Ndizi zenyewe ziko jikoni, sitaki hata kuziangalia.

Baiskeli niliyotoka nayo leo ni ya rafiki yangu Deo, nimeiazima niijaribu kabla sijainunua. Yangu ina shokapu, zile springi za kupunguza mtikisiko, za mbele tu, kila jiwe la njia ya Bugarama linanipiga kiunoni. Hii ina shokapu mpaka nyuma, na ni nyepesi, naiinua kwa mkono mmoja. Nilifikiria mawe na milima. Kwamba haina keria ya kufungia mzigo, sikukumbuka kabisa.

Na nilikuwa naenda ukweni, mahali ambapo huruhusiwi kuondoka mikono mitupu! Baba mkwe akatoa mkungu wa ndizi, akaizunguka baiskeli akitafuta pa kuufunga.

"Hii haibebi mzigo, baba," nikasema.

"Haibebi? Sasa ni ya nini?"

 Mzee akaufunga mkungu kwenye baiskeli yake kuukuu ili anisindikize mpaka nyumbani. Nikaomba niisukume mimi. "Wewe shika yako," akasema. Mzee wa watu anasukuma mzigo wangu, mimi natembea pembeni na baiskeli tupu. Kijiji kizima cha Mabawe kimetuona.

Halafu tukafika kwenye mteremko. Nikapanda, nikajiambia ni kidogo tu. Mawe sikuyasikia. Kufika chini, nageuka, mzee yuko kule juu, anashuka kwa miguu, anapambana na ule mkungu usimvute.

"Inakimbia," alisema aliponifikia. Basi.

Deo amepiga simu kuuliza kama nimeamua. Nimemwambia bado nafikiri. Uongo. Niliamua kuinunua palepale mteremkoni, kabla sijamkumbuka mzee.