Makochi Wawili, Chuma Kimoja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Hili sijamwambia mtu yeyote: nina makochi wawili, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Haya. Nimeandika. Mabati hayajaanguka.

Wasichana wengine wa Form Three wana siri za wavulana. Mimi, ambaye mwalimu akiniuliza swali sauti inakwama kooni kama mwiba wa omena, siri yangu ni gofu. Gofu! Na ninaishi Kibera!

Kochi wa kwanza ni Babu Mahdi, babake Mama. Zamani alikuwa kedi, alibebea matajiri mikoba ya fimbo pale klabu ya gofu, ng'ambo ya ukuta wa mtaa wetu. Baadaye akawa pro mwenyewe, mchezaji wa kulipwa, mmoja wa wa kwanza kutoka upande wetu wa ukuta. Sasa ana miaka sabini na mbili na fimbo moja tu: chuma namba saba, mshikio umezungushiwa tyubu ya baiskeli. Ndiyo mkongojo wake pia. Kila Jumatatu baada ya chai tunateremka uwanjani Sarang'ombe kabla vijana wa soka hawajafika. Lazima iwe Jumatatu. Enzi zao klabu ilifungwa siku hiyo nyasi zipumzike, na ndiyo siku pekee makedi waliruhusiwa kucheza. Fimbo moja, watu wanne. Unataka mpira upae? Chuma saba. Upite chini ya matawi? Chuma saba. Uviringike hadi shimoni? Chuma saba hiyohiyo.

"Wenye fimbo kumi na nne wanachagua fimbo," Babu husema. "Sisi tulichagua akili."

Leo nimelenga debe la rangi mara kumi, nimeligonga sita. Halafu kijana fulani akapita na mswaki mdomoni — "Niaje Tiger!" Aibu! Mpira uliofuata nimeupeleka mtaroni.

Kochi wa pili ni kesho. Nyumbani wanajua naenda tuition ya hesabu.


Jumanne, 5 Agosti

Kawangware. Ukumbi wa kanisa huko Kabiro, ambao Kochi Eddah huazimwa siku za wiki. Ana miaka ishirini na sita, ni pro, na alikulia hapohapo, mtaa wa 46. Mitchelle wa darasa letu ni jirani yake, ndiye aliyenipeleka mwezi wa sita. Wavu wa goli umekunjwa mara mbili na kuning'inizwa kwenye mbao za paa. Mbele yake simu imesimama kwa miguu mitatu inaturekodi, kisha inachora mistari: ya kijani ukipiga vizuri, myekundu ukikosea.

Hatugusi fimbo kabla ya kuruka kamba mia mbili. "Nyinyi ni wanariadha," Kochi anasema. "Gofu ya vitambi iliisha." Anatuambia siku hizi wale wa juu duniani wanapimwa kila kitu — usingizi, mapigo ya moyo, mpaka maji wanayokunywa. Mchezaji mmoja ana mtu wa misuli, mtu wa chakula, na mtu wa mawazo. Mtu wa mawazo! Huyo ndiye wangeniletea mimi.

Halafu akatuonyesha video ya kale, nyeusi na nyeupe. Wachezaji wamevaa tai! Mmoja anapiga mpira na sigara iko mdomoni. Magoti yanacheza chakacha, mgongo umepinda kama upinde. Tumecheka mpaka Mitchelle akakaa chini.

Nimecheka pia. Halafu nikaangalia tena. Magoti yale, mgongo ule... ni Babu kabisa. Ni mimi, Jumatatu.

Kingine. Zamu ya Mitchelle ilipofika, balbu ilikuwa nyuma yangu na kivuli changu kikaangukia mpira wake. Nikakisogeza. Bila kufikiri nikachukua kitambaa, nikampangusia fimbo, nikasimama kando nimebana miguu, mkoba mkononi, kama kedi.

"Hadia, unafanya nini?"

"Nangoja, Kochi."

"Wewe ni mchezaji. Keti unywe maji!"

Wamecheka. Kochi hakucheka. Aliniangalia sana.


Jumatano, 6 Agosti

Nimemfuata Babu kwa Haroun kinyozi, kule wanakoonyesha gofu kwa TV kwa sababu Babu akiwa dukani hakuna anayethubutu kubadilisha chaneli.

Haroun, mashine mkononi, kichwa cha mteja nusu: "Mzee Mahdi, kubali. Hawa vijana wanapiga mbali kuliko nyinyi."

"Nakubali. Angalia, wanaupiga kana kwamba umewatukania mama. Sisi tuliubembeleza."

Mteja amecheka, karibu akatwe sikio.

Nikajifanya mjinga nikamuuliza, Babu, tangu enzi zenu ni nini kimebadilika zaidi? Nilidhani atasema fimbo. Au mipira. Au misuli.

Amesema, "Mlango."

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja aliposhinda shindano lake la kwanza. Wakamwita jina, wakampigia makofi, wakampiga picha na kikombe. Kisha wanachama wakaingia ndani kwa chakula kupitia mlango wa mbele, na kikombe kikaingia nao. Yeye akaitwa mlango wa jikoni, akapewa sahani ya kuku. Akala amesimama.

"Na kuku alikuwa mtamu!" Babu amecheka mpaka akakohoa. Halafu akanyoosha chuma saba kwa TV. Kijana alikuwa anaingia klabu, kofia nyuma mbele, mtoto mabegani, mke, mama, shangazi sijui. "Mwone huyu. Anaingia mbele na ukoo mzima. Hapo sisi hatukuwafikia."

Nilicheka naye. Nimefika nyumbani, hadithi ile haichekeshi tena.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimefanya kitu kibaya. Niandike haraka.

Kochi Eddah ameweka benchi mbele ya wavu, tupitishe mpira chini yake. Mitchelle amegonga benchi. Becky, mwenzetu mwingine, amegonga benchi, kisha ukuta, kisha karibu amgonge Kochi. Mimi nikapiga kama Babu. Simu ikawaka nyekundu tupu — mikono makosa, magoti makosa, mgongo ndio kabisa. Lakini mpira umepita chini ya benchi kama panya anayerudi kwake.

"Tena," Kochi akasema.

Mara tano. Tano zote zimepita.

"Simu inasema umekosea kila kitu," akasema. "Mpira unaiambia simu inyamaze. Nani alikufundisha hii?"

Wote wananiangalia. Masikio moto. Na mimi, Hadia, mjukuu wa Mahdi, nikafungua mdomo nikasema:

"YouTube."

Njiani kurudi nimejaribu kujidanganya. Eti ni woga tu, eti ni haya zangu za kawaida. Hapana. Nilifikiria ile video na kicheko chao, nikamwonea Babu aibu. Ndiyo ukweli, na umeandikwa kwa wino.


Ijumaa, 8 Agosti

Babu amerudi kutoka msikitini na njugu karanga zangu kwenye karatasi. Hajui siku hizi anaitwa YouTube.

Sijazimaliza.


Jumatatu, 11 Agosti

Debe mara tisa kati ya kumi! Tisa! Mabega ya Kochi Eddah, mikono ya Babu — sikupanga, vimechanganyika vyenyewe.

Babu hakushangilia. Amezunguka nyuma yangu polepole.

"Nani amekushika mabega?"

"Nimekua tu, Babu."

"Ehe," akasema. "Mabega hukua."

Halafu amechukua chuma akajaribu mwenyewe, azungushe mabega kama mimi. Karibu aanguke! Nimemdaka, tumeshikana katikati ya uwanja tukicheka kama walevi. "Hii ni ya watu wenye migongo mipya," amesema. Lakini nilipoenda kuokota mipira nikageuka. Alikuwa anairudia. Mara tatu. Alidhani simwoni.


Jumanne, 12 Agosti

Fomu!

Majaribio ni Jumamosi hii, tarehe 16. Wasichana sita watachaguliwa kwa timu ya vijana, na watafanya mazoezi mwaka mzima kwenye nyasi za kweli. Nyasi! Mimi najua udongo wa murram na zulia la kanisa. Na majaribio yako wapi? Klabu ileile. Ng'ambo ya ukuta. Alikobebea mikoba Babu.

Jina. Umri. Sahihi ya mzazi. Mchezaji anaweza kuja na mtu wake wa kumbebea mkoba. Halafu pale chini, mstari mmoja mfupi: *Jina la aliyekufundisha.*

Kochi amesema hatatujazia, tumpe langoni Jumamosi asubuhi. "Na muandike ukweli," amesema. Alikuwa anaongea na wote, lakini macho yalikuwa kwangu.

Kwa ajili ya sahihi ilibidi nimwambie Mama. Nimemwambia nikiangalia sufuria. Halafu akaanza kucheka, Mama Zeinabu wangu, akashika meza. "Tuition ya hesabu! Na mimi nashangaa mbona hesabu haipandi!" Ametia sahihi na mkono wenye unga. Kisha akaacha kucheka.

"Babu utamwambia wewe. Mimi simo."


Jumatano, 13 Agosti

Sijamwambia.

Nimefungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikaomba chumvi, ya pili nikauliza saa.


Alhamisi, 14 Agosti

Yaani leo!

Najiandaa kwenda Kawangware, nakuta Babu mlangoni amevaa kanzu, kofia, viatu vya Idi. Mkononi bakuli limefunikwa kitambaa. Gurusa, chapati zetu laini za Kinubi, bado za moto. Mama ndiye aliyezipika! Anajua kila kitu na amezipika, uso mkavu kama hakimu.

"Twende wote," Babu anasema. "Nataka nimsalimie huyo mwalimu wa hesabu."

"Kwa nini, Babu?"

"Mwalimu wa hesabu anayekuza mabega ya mtoto lazima apewe heshima yake."

Mama amekimbilia jikoni. Nikasikia akikohoa kikohozi ambacho si kikohozi.

Ningesema hapohapo. Mlango ulikuwa wazi, yeye amesimama pale, kazi ilikuwa kutamka tu. Badala yake nikasema mwalimu ni mgonjwa.

"Ala! Amepatwa na nini?"

"Tumbo."

"Basi gurusa hazimfai," Babu akasema. Ameketi, amevua viatu vya Idi, tumekula sote watatu. Aliendelea kumwombea mwalimu dua kila akimega kipande. Anajua? Hajui? Macho yake yalikuwa yanacheka, lakini macho yake hucheka kila siku.

Mazoezi ya mwisho yamenipita. Mitchelle ametuma meseji tatu, zote za kuniita mwoga.


Ijumaa, 15 Agosti

Saa kumi na moja jioni. Fomu iko mbele yangu, mstari ule bado mtupu.

Nilipotoka dukani mchana nimekuta kitu kwenye kamba ya nguo uani. Ovaroli nyeupe. Kuukuu, imeshonwa magotini, mgongoni namba 41 imefifia. Imefuliwa na kutiwa bluu mpaka inaumiza macho. Ovaroli ya Babu ya ukedi! Sijawahi kuiona nje ya sanduku.

Babu ameketi chini yake anapaka raba chokaa.

"Za nini hizi, Babu?"

"Kesho nina kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kubeba mkoba." Hakuinua macho. "Nimesikia kuna mchezaji mpya. Ana haya kidogo, lakini mabega anayo."

Nimeingia ndani nikalia. Halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Nilipomuuliza Mama nani amemwambia, ameapa si yeye. Babu kasema mwenyewe kwamba alijua tangu ile Jumatatu, na fomu aliiona ikichungulia kwenye kitabu changu cha Kemia. Mtu aliyetazama migongo ya wachezaji miaka kumi, ati nilidhani nitamficha mabega.

Nimemtumia Kochi Eddah meseji. Vidole vilikataa, nimeviburuta: *Kochi, si YouTube. Ni babu yangu. Alikuwa kedi, halafu pro. Nilidanganya kwa sababu ya aibu.*

Jibu limekuja kabla sijaweka simu chini: *Nilijua. YouTube haifundishi mtu kusogeza kivuli chake. Mlete huyo mzee kesho, ana deni la kunionyesha pigo la benchi.*

Basi nimeandika. Herufi kama siafu, mstari haukutosha, nimemalizia pembeni nje ya kisanduku: *Mahdi, pro, na Eddah, pro.* Yeye wa kwanza kwa sababu alianza. Wakikataa fomu kwa sababu ya majina mawili, wakatae.

Kinachonisumbua ni ile ovaroli. Kesho simtaki nyuma yangu na namba mgongoni. Nataka kanzu. Nataka viatu vya Idi, atembee kando yangu pale langoni, na atakayetuonyesha njia ya jikoni, sijui nitamwambia nini, mimi ambaye siwezi hata kuomba salio kwa kondakta. Lakini kitu nitasema. Mkoba nitabeba mwenyewe ikibidi.

Hilo ndilo sijamwambia bado.

Nasikia chuma kikigonga saruji ya korido. Tap. Tap. Ni yeye. Siku zote hapa ndipo daftari hili huingia chini ya gunia la unga, mbio, na mimi hushika kitabu cha Kemia.

Leo naliacha mezani, wazi, fomu juu yake. Wino wa jina lake haujakauka.

Tap. Amesimama nyuma ya pazia. Hapigi hodi. Naona ncha za raba, nyeupe pepepe. Kivuli chake kilikuwa kinaangukia ukurasa huu, amekisogeza.

"Hadia," anauliza, taratibu. "Kesho tunaingilia mlango gani?"

Ingia, Babu, usome