Nimemtoa Mtani Wangu na Hatarudi

Bluff, Durban
Msimu wa baridi, 1998

Kwa mdogo wangu Maulidi,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, maana barua yako ilinikuta nimesimama, na nilipomaliza kuisoma ilibidi nikae. Goti lako vipi? Tumbaku imekubali mwaka huu? Mkeo bado anakohoa asubuhi? Mwambie aache kupikia kuni mbichi, nilishasema. Huku sote wazima. Mwanangu Zena anatoka alfajiri anarudi giza limeingia, mumewe yuko kwenye ofisi ya meli bandarini, na wajukuu wanaongea Kizulu na Kiingereza, Kiswahili wanakikumbuka njaa ikiwashika. Baridi ya huku ni ya upepo, inaingia kwenye mifupa bila hodi. Basi, salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Umeniandikia kwamba nimevunja utani. Mimi, Tatu! Unasema mpwa wa mtani wangu Kondo, huyo mpwa wa reli hapo Tabora, alikuja kwako akakaa barazani, hata maji akakataa, akasema dada yako kamfukuza mjomba wangu mbele za watu kwa sababu ya kipande cha mti. Na wewe badala ya kuuliza, dada, ilikuwaje, ukashika kalamu. "Mtani hakasirikiwi. Toa kuku, uombe radhi, umrudishe kazini. Ama sivyo, siku yako ikifika huko ugenini utazikwa kimya kama mtu asiye na kabila." Umeandika hayo kwa mkono huohuo niliokufundisha kushika jembe. Mimi shule yangu ni ngumbaru, lakini nilisoma mpaka nikajua, na nimekuelewa vizuri sana.

Kwanza ujue kazi yenyewe, maana unaongea kama mtu anayeonja mchuzi kwa kunusa. Idara ya wanyamapori ina msitu upande wa Westville, kwenye majumba ya watu wenye magari, ambako ukitembea kwa miguu unaangaliwa kama mwizi. Ndani mna paa wadogo, nguruwe pori na kanga. Watu wanakata waya wa uzio, wanafunga kitanzi usawa wa shingo ya paa, halafu wanasahau walipotega. Mnyama anaozea humo, hata wa kumla hayupo. Nilianza kwenda huko na wanawake wa Kikongo, wasusi wa saluni za mjini, tunapita kwa mstari mmoja tukifungua hivyo vitanzi. Mama mmoja wa Kizungu anayesimamia msitu akaona kwamba mimi nikiita watu, wanakuja. Akanipa kazi ya kuwaita wote wanaojitolea. Ijumaa napiga simu. Jumamosi asubuhi nasimama barabarani kwenye zile taa wanazoziita roboti, na anayechelewa anakutana na mdomo wangu na filimbi yangu. Wakongo wameniita Maman Filimbi. Waniite wapendavyo, mradi wafike.

Msimu wa kuwinda ukikaribia, kunakuwa na darasa la wawindaji. Huwezi kupata ruhusa ya idara bila kupita hapo. Wanakuja Wazulu wenye mbwa wao, madereva wa teksi, na Wazungu wachache. Mama wa idara anawafundisha sheria, mnyama gani na msimu gani, na kwamba jike mwenye mimba haguswi. Mimi na watu wangu tunasimamia uwanja. Tunawafundisha kuvuka uzio. Unalaza bunduki chini kwanza, mdomo wake uangalie pasipo na mtu, unavuka, mwenzako anavuka, ndipo unaiokota. Bunduki za kufundishia ni za mti, zimechongwa. Na sheria moja naitangaza mimi mwenyewe kila asubuhi, kwa Kiswahili, kwa Kizulu changu kibovu, na kwa mikono. Atakayemwelekezea mtu mdomo wa bunduki, iwe ya mti, iwe tupu, anakwenda nyumbani na harudi tena. Onyo hakuna.

Na usiniulize sheria hiyo nimeitoa wapi. Wewe ndiye uliyekimbia kuita watu siku kaka yetu Shabani alipopigwa risasi. Alitoka kwenda kuwinda na rafiki zake akipiga mluzi, akarudi kwenye machela ya matawi. Yule rafiki aliyekuwa akimchezea na gobore alisema nini mbele ya mama yetu? "Nilijua haina kitu." Mama aliishi na maneno hayo mpaka tunamfukia. Leo wewe unaniandikia kipande cha mti! Mkono haujui mti wala chuma, Maulidi. Mkono unajua ulichozoea.

Haya, Kondo. Unafikiri simpendi? Mzaramo yule ni mlinzi kule bandarini, na siku ya kwanza kusikia lafudhi yangu ya Kinyamwezi kwenye duka la simu alipiga kelele, "Loo! Mpagazi wangu! Umetoroka na mzigo wa babu yangu mpaka huku?" Nikamjibu, "Na wewe mcheza ngoma, minazi umemwachia nani, nyani?" Wenye duka walidhani tunapigana. Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Tangu siku ile haikupita wiki bila kutukanwa, na nilinenepa.

Na shemeji yako alipofariki hapa, nani alikuja? Watu wa mtaa walileta maua, wakakaa kimya kama wako benki. Mimi nilikuwa sijaweka kitu mdomoni. Kondo akaingia, akavaa koti la marehemu, akachukua fimbo yake, akawa anatembea sebuleni akikohoa vilevile kama marehemu, anadai chai. Jeneza lilipotaka kutoka akalala mlangoni. "Maiti ya Mnyamwezi haipiti bure, huyu alikuwa mali yetu!" Zena alimpa mtungi wa asali ndipo akainuka. Nilicheka siku ile, Maulidi, nikalia, kisha nikala. Kwa hiyo usinifundishe mimi mtani ni nini. Najua nilichotupa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, wawindaji wamejaa uwanjani. Kondo ni wangu wa kujitolea, kazi yake ni kuwagawia zile bunduki. Mimi nimesimama kwenye uzio na filimbi yangu. Mara nasikia, "Mpagazi! Tua mzigo chini, leo nakurithi!" Nageuka, mdomo wa bunduki uko kifuani kwangu.

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Kondo, weka chini."

"Aa, anaogopa! Watumwa wetu siku hizi wanaogopa mti!" Akashusha mdomo mpaka tumboni. "Pa!"

Nilimwambia kwa sauti ambayo hata mbwa wa Wazulu walilala chini. "Weka chini! Vua fulana ya idara! Nenda nyumbani!"

Bado anacheka, anadhani ni utani. Akageukia watu kama mcheza ngoma anayeomba makofi. Ndipo akaniona uso, kicheko kikamkauka mdomoni.

Mama Furaha, msusi wa Kikongo, akaja mbio. "Maman, hapana! Iko mti tu ile! Huyu ni papa wetu, mtu ya muzuri!" Mama wa idara naye akanivuta kando, akasema Kondo ni mtu wa kutegemewa, hakosi hata siku moja, tumpe onyo tu. Huyo ndiye mwenye msitu, Maulidi. Angeweza kuniamuru, akaniomba.

Lakini nyuma yake amesimama baba mmoja wa Kizulu, mtu wa makamo, ana mbwa wawili. Kijana wa dada yake, Bheki, dereva wa teksi, nilimfukuza darasani majuma machache nyuma kwa kosa hilohilo. Alimwelekezea mwenzake, wakacheka, nikamtoa. Walikuja na huyu mjomba wake kuniomba, nikakataa. Sasa huyo baba hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Eish, gogo. Huyu ni wa kwenu, siyo?" Gogo ndiyo bibi kwa lugha yao. Na wote wakanigeukia, wanangoja.

Ungenijibia nini, wewe fundi wa barua? Ningemwambia nini? Kwamba sisi kwetu tuna desturi, watu wawili fulani wanaruhusiwa kuelekezeana bunduki? Nchi hii tayari inatuita majina ya dharau. Wanasema wageni wanabebana. Leo nikimbeba wangu, kesho nani atanisikiliza nikisema bunduki chini? Watatoka pale wakijua sheria ya gogo ina mlango wa nyuma, watakwenda porini na za chuma, na huko hakuna filimbi.

Nikamwambia yule baba, "Ndiyo, ni wa kwetu. Ndiyo maana anatoka mbele yako." Kondo akavua fulana, akaikunja vizuri, akaitundika kwenye uzio, akaenda zake kwa miguu. Nikapuliza filimbi, darasa likaendelea.

Sasa kuhusu amri yako ya kuku. Kuku nimempelekea. Umeshangaa? Nilimkasirikia mtani, nilimpigia kelele kweli, kelele za kweli, na hilo kwa desturi ni kosa. Kosa langu nalilipa mwenyewe. Kumtoa darasani si kosa, na kwa hilo sitoi hata unyoya. Nilimchukua jogoo mwekundu, nikapanda naye teksi, ndiyo daladala za huku, kondakta analalamika, nikamwambia huyu ana adabu kuliko wewe. Nikafika kwa Kondo. Nimejitayarisha njia nzima. Nilijua atasema nimemletea kuku mwembamba kama mpagazi, nilijua nitamjibu nini.

Alifungua mlango. Akampokea kuku kwa mikono miwili. Akasema, "Ahsante sana, mama. Karibu ndani, mama."

Mama! Kondo kaniita mama! Kwa adabu, kichwa kimeinama, kama anaongea na mke wa shehe. Nikamchokoza, nikasema, "Umelala na njaa nini, mcheza ngoma, ulimi umekauka?" Akatabasamu kidogo. "Hapana, mama. Tunashukuru." Sikuingia. Nilirudi nyumbani na Zena aliniuliza naumwa wapi.

Basi wewe uliyekubali kubeba maneno ya kunishtaki, ubebe na haya. Nenda reli, mtafute huyo mpwa, usimngoje barazani. Mwambie hivi, neno kwa neno. Dada yangu amelipa kuku. Kwenye darasa mjomba wako hatarudi, si msimu huu, si msimu ujao, hata idara yote ikipiga magoti. Lakini hakuna sheria ya idara iliyomkataza kunitukana. Umama wake simtaki, nina watoto wa kuniita hivyo. Anirudishie matusi yangu.

Msalimie mkeo mwenye kikohozi. Msalimie shangazi yetu, mwambie macho yangu bado yanaona sindano. Wasalimie wanao wote, na huyo mkubwa wako anayetembea na gobore kwenye harusi kupiga juu apate kusifiwa, msomee ukurasa wa Shabani kwa sauti, na mama yake awepo. Usiponiandikia kwamba umemsomea, sitakuandikia tena.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Tatu, ambaye bado nina hasira.